Katapila kubwa kuliko yote duniani, na kwa nini mawe ya Mwanza hayaliogopi

Haya jamani tuanze, waliosimama mlangoni ingieni viti vipo huku mbele. Nimeombwa niongelee makatapila makubwa, yaani mabuldoza, na najua nusu yenu mmekuja kuona picha tu, hamna shida picha zipo, ila kwanza tukubaliane kitu kimoja: katapila linasukuma kwa uzito wake, injini inafuata. Hilo likikukaa kichwani, mengine ya leo utayaelewa.

Angalia, gari limenasa kwenye tope kule Buhongwa mvua ikiwa imenyesha, unaitwa usukume, umevaa ndala. Hata uwe na misuli ya wale wabeba magunia wa Kirumba utateleza tu, miguu inakimbia gari limetulia. Katapila nalo liko hivyohivyo, lipe injini ya hospawa 2,000 kwenye bodi nyepesi uone, cheni zitazunguka palepale zichimbe shimo na mzigo haujasogea. Ndo maana watengenezaji wa haya madude hawauogopi uzito, wanautafuta.

Picha ya kwanza. Hii ni Komatsu D575A ya Wajapani, ndo kubwa kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya soko. Ile ya kusukuma tu inaitwa Super Dozer, ina tani kama 152, injini ya silinda 12 yenye hospawa 1,150, bledi lake, lile bamba la mbele la kusukumia, upana mita 7.4 na kimo mita 3.25, yaani ukisimama mbele yake na mtoto wako mdogo umembeba mabegani bado hamfikii juu yake. Msukumo mmoja kyubiki 69, yaani mita za ujazo 69 za udongo. Wenzangu wa malori ya mchanga mnajua, lile la tairi kumi likijazwa ni kyubiki 10 hivi, kwa hiyo hapo ni kama malori saba mbele ya bledi moja, halafu linarudi nyuma linafuata mengine.

Sasa linafanya kazi gani? Hapa ndo penye utamu. Mengi yalienda Marekani kwenye migodi ya makaa ya mawe, West Virginia, Alabama, huko. Makaa yamelala kama tabaka chini ya mwamba, kwa hiyo wanatoboa, wanalipua kwa baruti, na mlipuko wenyewe wanaupanga urushe sehemu ya kifusi kwenye shimo la jirani ambalo makaa yake yameshatolewa, kinachobaki kinasukumwa na katapila. Ni safari fupi na mara nyingi ni mteremko, na hapo buldoza linamfunga dampa, lile lori la kubeba kifusi, goli za kutosha kwa sababu hakuna kupakia, hakuna kusubiri foleni, hakuna barabara ya kumwagia maji. Lakini umbali ukivuka mita 100 na kitu hesabu inaanza kugeuka, udongo unamwagika pembeni ya bledi njia nzima na unarudi mtupu kwa rivasi. Maopareta wazuri wanajitengenezea mfereji, wanasukuma humohumo kila raundi, kuta za mfereji zinazuia udongo usimwagike. Hapo mashine ileile na dizeli ileile inatoa kazi zaidi.

Ndo maana mgodi wa wazi wa dhahabu kama wa Geita huwezi ukautoa kifusi chake kwa buldoza. Shimo linaenda chini na mzigo lazima upande juu, hiyo ni kazi ya eskaveta, mashine ya kuchimba na kupakia, na madampa. Katapila kule linasafisha sakafu pale eskaveta inapopakia, linatengeneza rampu, linasukumia kifusi ukingoni dampa likishamwaga. Kazi ya heshima kabisa, ila haihitaji tani 152.

Na kuna lingine kubwa zaidi ya hilo la Komatsu, lilitengenezwa moja tu huko Italia na kampuni ya Umberto Acco, tani 183, injini mbili za Caterpillar jumla hospawa 1,300. Lilikusudiwa kwenda Libya, biashara ikakwama, likabaki nyumbani bila kufanya kazi liliyozaliwa nayo. Mimi kwa kweli hilo silihesabu, katapila lisilosukuma udongo ni sanamu.

Unayoyakuta sana kwenye migodi mikubwa leo ni Caterpillar D11, hospawa 850 na tani 100 na kidogo, na Komatsu D475A inayokaribiana nayo. D575A haitengenezwi tena. Moja ya mateso yake ni kuihamisha, lazima uifungue vipande, uibebe kwa malori kadhaa, uje uiunge upya kwa winchi. Hapa kwetu Afrika Mashariki lori na mzigo wake mwisho tani 56 bila kibali maalumu, haya piga hesabu mwenyewe na hiyo 152.

Nyuma ya katapila kuna ripa, lile jino. Ile D575A yenye ripa, si Super Dozer, jino lake linazama mita 2 hivi, inapasua mwamba bila baruti. Kuna kijana kaniuliza pale nje, mzee si tulilete basi lisawazishe milima ya Mabatini na Bugando hapa Mwanza tupate viwanja? Hapana mwanangu. Ripa inahitaji pa kuingilia, nyufa, tabaka, mwamba uliooza. Wataalamu wanapiga nyundo juu ya bamba la chuma wanapima mtetemo unakimbia kasi gani ardhini, ukikimbia sana ujue mwamba ni mzima, andaa baruti. Granaiti yetu hii ikiwa nzima, kama yale mawe ya Bismarck pale ziwani, jino litateleza juu yake na kulika tu. Ila ile granaiti iliyooza inayomomonyoka kama changarawe, mnaiona kwenye makato ya barabara, hiyo hata D8, Caterpillar dogo kuliko D11, inaila vizuri.

Dada wa pale kauliza kama itafika siku opareta hatakiwi. Kwenye migodi ya nje tayari wapo wanaoendesha D11 wamekaa ofisini na skrini, na mtu mmoja anaweza kusimamia kadhaa, zenyewe zinasukuma mfereji kwa mfereji. Lakini waliochukuliwa kukaa kwenye zile skrini mara nyingi ni walewale waliokuwa juu ya kiti, kwa sababu lazima ujue bledi limejaa au linaparaza tu. Kwa hiyo dada anza na D6, dogo zaidi, ukitoka hapo tutaongea.