Mays, Mantle, Charleston: Ubishi wa Mashabiki Kuhusu Walinzi wa Nje wa Besiboli

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, dada na kaka zangu habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie besiboli, mchezo ambao wengi wetu humu tumekutana nao kwenye filamu au kupitia jamaa aliyehamia Marekani. Sitaeleza kanuni zote, maana tutakesha. Nitashika eneo moja tu la uwanja, lile lililo mbali kabisa na mrushaji, na watu waliolilinda, na ubishi ambao mashabiki wameuendeleza juu yao kwa zaidi ya miaka 70. Mnaoujua ubishi wa Simba na Yanga pale kijiweni hamtapata tabu kunifuata.

Uwanja umekaa hivi. Mpigaji anasimama kwenye pembe. Mbele yake yuko mrushaji, anayemtupia mpira, kisha walinzi wa ndani wanaozunguka besi, yaani vituo ambavyo mpigaji hukimbilia, na nyuma kabisa, kwenye nyasi zinazokwenda hadi uzio, wako watatu: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Hao ndio walinzi wa nje. Mpira ukipigwa juu, kazi yao ni kuuwahi kabla haujagusa ardhi. Ukidakwa, mpigaji katoka. Ukianguka, anakimbia besi moja baada ya nyingine. Mlinzi wa kati ndiye mwenye eneo kubwa kuliko wote, na ndiye nitakayekaa naye zaidi jioni hii.

Sasa naomba tusikilizane, kwa sababu hoja yangu yote imejengwa hapa. Besiboli ni mchezo wa hesabu. Tangu karne ya 19 kila pigo linaandikwa, na shabiki wa kweli anazikariri takwimu za mpigaji anayempenda. Lakini kwa mlinzi wa nje vitabu vilikuwa bahili. Vilihesabu mipira aliyodaka, mirusho iliyowatoa wakimbiaji, na makosa. Na kosa liliandikwa, kwa kawaida, pale mlinzi alipoufikia mpira akashindwa kuushika. Mzito wa miguu ambaye hakuukaribia kabisa alitoka salama, kitabu chake safi. Mwepesi aliyekimbia mbali, mpira ukagonga glavu yake na kumponyoka, yeye ndiye aliyeweza kuandikiwa kosa. Kwa hiyo aliyetaka kujua nani alilinda vizuri miaka ya nyuma hakuwa na njia ila kumuuliza aliyekuwepo uwanjani. Ndiyo maana kumbukumbu za mashabiki mimi nazichukua kama ushahidi, na kama ushahidi wowote, lazima tuulize ni nani aliyeitwa kuutoa na ni nani hakuitwa.

Twendeni New York, miaka ya 1950. Mji mmoja ulikuwa na timu tatu za ligi kuu: Giants waliocheza Polo Grounds pembeni mwa Harlem, Yankees wa Bronx, na Dodgers wa Brooklyn. Kila timu ilikuwa na mlinzi wa kati wa kutisha. Giants walikuwa na Willie Mays, kijana wa Alabama. Yankees walikuwa na Mickey Mantle wa Oklahoma, aliyezaliwa mwaka uleule na Mays, 1931. Dodgers walikuwa na Duke Snider. Kinyozi, dereva wa teksi, mtoto wa shule, kila mmoja alikuwa na wake, na mtaa uliokaa ndio uliokupa jibu.

Watu huzungumza kana kwamba ushindani ule ulidumu kizazi kizima. Mays alikosa sehemu kubwa ya msimu wa 1952 na msimu wote wa 1953 akiwa jeshini. Baada ya msimu wa 1957 Dodgers na Giants walihama, wakaenda Los Angeles na San Francisco. Misimu ambayo wote watatu walisimama kati pamoja, kikamilifu, ni minne, 1954 hadi 1957. Ubishi wa miaka 70 umetoka kwenye misimu minne, na nadhani kuondoka kwa timu mbili kuliuchochea zaidi, kwa sababu mtu wa Brooklyn aliyeporwa timu yake alibaki na kumbukumbu tu ya kuipigania.

Hoja ya watu wa Snider ni nzito kuliko inavyopewa. Alipiga homurani 40 au zaidi, yaani mipira inayovuka uzio, misimu mitano mfululizo, 1953 hadi 1957, na katika muongo ule wa 1950 hakuna aliyempita kwa idadi. Wapinzani wake husema uzio wa kulia wa Ebbets Field, uwanja wa Dodgers, ulikuwa karibu, na yeye alipigia mkono wa kushoto. Ni kweli. Lakini uwanja ule haukukimbia kwa niaba yake, na waliomwona akiupanda ukuta kufuata mpira hawakuhitaji kipimo cha uzio.

Mantle ni habari ya uchungu. Tarehe 5 Oktoba 1951, mechi ya pili ya fainali za World Series, Yankees dhidi ya Giants. Katikati anacheza Joe DiMaggio, nguli wa miaka mingi, anayemaliza msimu wake wa mwisho. Kulia yuko Mantle, miaka 19. Mpigaji ni Willie Mays. Mays anaupiga mpira juu, unaelekea kati na kulia. Mantle anatimua mbio kuufuata. DiMaggio anaupigia kelele kuwa ni wake. Mantle anajizuia ghafla, na njumu yake inanasa kwenye kifuniko cha mfereji wa maji uliokuwa kwenye nyasi. Goti likaachia. DiMaggio akaudaka mpira, Mantle akatolewa kwa machela. Vizazi viwili na wapinzani wa miaka yote wamekutana kwenye mpira mmoja wa juu, tena mwepesi. Baada ya siku ile Mantle hakucheza tena akiwa na miguu mizima, na bado mwaka 1956 aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa homurani (52) na kwa mikimbio aliyoiletea timu (130), vyote vitatu kwa mpigo. Shabiki wa Yankees anayesema, “Angekuwa na goti zima ungeona,” simcheki hata kidogo. Ila swali la angekuwa halina mwisho, na mimi naliacha kwa wenye nalo.

Kura yangu naipa Mays. Homurani 660. Tuzo ya Gold Glove, ya ulinzi bora, mara 12 mfululizo kuanzia mwaka ilipoanzishwa, 1957. Na kuna siku moja ambayo lazima niieleze.

Tarehe 29 Septemba 1954, Polo Grounds, mechi ya kwanza ya World Series. Cleveland wamekuja wakiwa wameshinda mechi 111 msimu ule. Ni awamu ya nane, 2 kwa 2, na wakimbiaji wawili wa Cleveland wako kwenye besi: Larry Doby ya pili, Al Rosen ya kwanza. Vic Wertz anaukandika mpira katikati kabisa. Polo Grounds ulikuwa uwanja wa ajabu. Pembeni uzio karibu mno, lakini katikati ukuta uko zaidi ya mita 140 kutoka kwa mpigaji. Uwanja mwingine ule ulikuwa mpira wa kuvuka. Mays anageuka, anaupa uwanja mgongo, anakimbia moja kwa moja kuelekea ukutani. Haangalii nyuma hadi mwisho kabisa, na mpira unamshukia ukipita juu ya bega lake, anaupokea kwa mikono miwili mbele ya kifua.

Picha ile imeonyeshwa mara zisizohesabika, na nyingi zinaishia hapo. Waliokuwepo husimulia kilichofuata. Mays alisimama papo hapo, akazunguka mwili mzima, kofia ikamtoka, akaurudisha mpira ndani ya uwanja kwa mrusho uliomfanya aanguke. Doby alifika besi ya tatu, akaishia hapo. Rosen hakusogea. Kwenye uwanja mpana vile, mtu mwepesi kama Doby angeweza kutoka ya pili hadi nyumbani, pale kwenye pembe ya mpigaji, baada ya mpira kudakwa. Mays mwenyewe alisema kwamba alipokuwa akikimbia, alichokuwa akiwazia ni mrusho. Giants walishinda siku ile 5 kwa 2 katika awamu ya 10, kisha wakazoa mechi zote nne.

Kitabu cha takwimu kiliandika nini juu ya mpira ule? Kiliandika kudaka kumoja. Sawa na mpira uliomfuata mlinzi pale alipokuwa amesimama.

Sasa rudini uwanjani, tazameni nani walikuwa pale. Mays alianzia Birmingham Black Barons. Doby, aliyeganda besi ya tatu, naye mlinzi wa kati wa Cleveland, alitoka Newark Eagles. Aliyesimama kushoto kwa Giants ni Monte Irvin, mwenzake Doby kwenye kikosi cha Newark kilichotwaa ubingwa mwaka 1946. Hank Thompson wa besi ya tatu alitoka Kansas City Monarchs. Hizo zote ni timu za ligi za Weusi, ambazo ziliundwa kwa sababu ligi kuu ziliwafungia mlango wachezaji weusi hadi Jackie Robinson alipoingia Aprili 1947, na Doby akafuata Julai mwaka huohuo.

Na siku chache baada ya mpira ule wa Wertz, mwanzoni mwa Oktoba 1954, huko Philadelphia, alifariki mtu anayeitwa Oscar Charleston. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Charleston alizaliwa Indianapolis mwaka 1896, akaingia jeshini akiwa kijana mdogo na kupelekwa Ufilipino, akarudi akacheza mlinzi wa kati wa Indianapolis ABCs na timu nyingine, na baadaye akawa mchezaji na kocha wa Pittsburgh Crawfords. Waliomwona wanasema alisimama karibu sana, nyuma tu ya besi ya pili, akidaka mipira mifupi ambayo wengine wangeiacha ianguke, kwa sababu alijua ukipigwa mrefu miguu itamrudisha kwa wakati. Buck O'Neil, aliyecheza na kufundisha kwenye ligi za Weusi na kuishi hadi 2006, alisema Mays ndiye bora kuliko wote aliowaona ligi kuu, lakini mchezaji bora kabisa aliyepata kumwona ni Charleston. Huyo ni mtu aliyewaona wote wawili. Kwenye vijiwe vya New York mwaka 1954, jina la Charleston lilitajwa na nani? Na wazee weusi, wao kwa wao.

Najua pingamizi lake: wazee huongeza chumvi. Wanaongeza. Satchel Paige, mrushaji maarufu wa ligi za Weusi, alisema Cool Papa Bell, mlinzi wa nje mwenye mbio kuliko wote wa zama zile, alikuwa akizima taa chumbani na kuwa kitandani kabla giza halijaingia. Hakuna aliyeichukua ile kama saa ya kupimia. Lakini mtu mzito hatungiwi maneno ya namna ile. Chumvi huwekwa kwenye chakula ambacho tayari kipo.

Tena hesabu zilikuwepo, ila hazikukusanywa. Magazeti ya Weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier yalichapisha matokeo, na watafiti walitumia miaka mingi kuyapekua toleo kwa toleo. Desemba 2020 ligi kuu ilikubali kwamba ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa kwenye daftari moja na za wengine. Charleston akaonekana na wastani wa .363, maana yake mapigo 363 yenye mafanikio kwa kila majaribio 1,000. Ni wa tatu katika historia yote, nyuma ya Josh Gibson, naye wa ligi za Weusi, na Ty Cobb. O'Neil alikuwa amelala kaburini karibu miaka 18 vitabu vilipomfikia Charleston. Na bado hizo ni hesabu za kupiga. Alivyolinda, mpaka leo, tuna macho ya mashahidi tu.

Mtu mmoja wa ligi kuu napenda atajwe kwa heshima hapa, Ted Williams wa Boston. Mashabiki humbishia na DiMaggio tangu 1941, mwaka ambao Williams alimaliza na wastani wa .406 na DiMaggio akapata pigo katika mechi 56 mfululizo, na tuzo ya mchezaji bora akapewa DiMaggio. Boston hawajasahau. Kwa kupiga, Williams alikuwa juu. Kwa kulinda, DiMaggio alimwacha mbali, na hilo halina ubishi kwangu. Lakini siku Williams alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Cooperstown mwaka 1966, alitumia hotuba yake mwenyewe kusema anatumaini Paige na Gibson nao wataingizwa siku moja. Paige aliingia 1971, Gibson 1972, Bell 1974, Charleston 1976, miaka 22 baada ya kufa kwake.

Nimeshaona mkono umenyooshwa kule nyuma, na naulizwa watatu wangu. Mays kati. Kushoto namweka Charleston, ingawa hapo si mahali pake na angenigombeza. Kulia ni Roberto Clemente wa Puerto Rico na Pittsburgh: Gold Glove 12, mapigo 3,000 kamili, na mkono ambao wakimbiaji waliuogopa kiasi cha kubaki kwenye besi zao. Alikufa tarehe 31 Desemba 1972 kwenye ndege iliyopeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Managua. Kuna atakayesema kulia ni pa Hank Aaron na homurani zake 755, na hoja hiyo ina uzito. Mimi nimechagua mkono. Maikrofoni iko pale kwa anayetaka kumtetea Aaron, na tuanze na huyo mzee wa nyuma.