Bei Tumeiona, Makato Je?

(Mhadhara kwa wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Newala, Mtwara)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie uongozi na ufuasi katika zama hizi za simu. Viongozi wamekwisha kusemwa sana, nami leo nitaelemea kwetu sisi tunaoongozwa.

Oktoba 2018, zabuni za korosho ziliposomwa mnadani, wakulima wa mkoa huu walizikataa bei. Mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Habari za malipo yake tuziache, mnazijua kuliko mimi. Ila siku ile ya mnada wafuasi ndio waliokuwa mbele, na kila mmoja alikuwa pale kwa sura yake na jina lake.

Siku hizi bei inaingia kwenye grupu la WhatsApp kabla watu hawajatawanyika mnadani. Ni jambo jema sana. Halafu tunafanya nini? Madole gumba yanamiminika, “asante kiongozi”, basi. Ushuru wa halmashauri umekata ngapi? Chama kikuu cha ushirika, ghala, usafirishaji? Akijitokeza mmoja akauliza, admini anafunga grupu, wasimamizi peke yao ndio waandike. Nasi tunakaa kimya! Tusimlaumu admini peke yake. Kimya chetu ndicho kinachompa nguvu.

Kwenye kusambaza, hata hivyo, hatuna kimya. Sauti isiyo na mwenyewe inasema minada imesitishwa, na kabla ya magharibi imefika Tandahimba. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikononi mwa wengi. Ukiusukuma mbele na wewe, umeshawaongoza watu, hata kama hujapigiwa kura.

Tena grupu si mkutano mkuu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 imeupa mkutano mkuu mamlaka ya juu katika chama. Bibi mwenye kitochi, simu isiyo na WhatsApp, pale Kitangari ni mwanachama kamili, na swali lililoulizwa kwenye grupu hajalisikia.

Kijana mmoja hapo nyuma ameuliza: “Mzee, nikitolewa je?”

Mwanangu, kutolewa kwenye grupu si kufutwa uanachama. Lipige picha swali lako kabla hawajalifuta, njoo nalo mkutanoni, lisome kwa sauti, na umwombe katibu aliandike kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata, muhtasari ukisomwa, sikiliza kama limo.