Mtu Aliyeimbia Pembe

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Hiyo mliyoisikia mkiingia, yenye mikwaruzo kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili, ni sauti ya Enrico Caruso, Mwitalia aliyeimba opera, yaani tamthilia inayoimbwa. Wanakwaya mtaitambua: sauti ya tatu, teno. Nimemsikia mmoja hapo nyuma akiuliza kama hatukupata santuri safi zaidi. Kaka, mikwaruzo hiyo ndiyo iliyonileta.

Caruso alizaliwa Napoli tarehe 25 Februari 1873, baba yake fundi wa mashine. Mtasoma kwamba alikuwa mtoto wa 18 kati ya 21, na mwenyewe alimsimulia hivyo mkewe. Porojo. Walizaliwa saba, yeye wa tatu. Mama alifariki mwaka 1888, Enrico ana miaka 15. Akaimba kanisani, akaimba mikahawani kwa kutegemea chochote atakachopewa. Ipo picha yake ya ujanani amejitanda shuka mabegani kama mfalme wa Roma. Mwenyewe alieleza kwamba shati lake la pekee siku hiyo lilikuwa limefuliwa.

Mwalimu wake, Guglielmo Vergine, alipomsikia mara ya kwanza alisema ni kama upepo unaopiga mluzi dirishani. Hata hivyo akamfunga kwa mkataba: robo ya mapato, kwa miaka mitano ya kuimba. Mnaona mtego? Si miaka mitano ya kalenda. Zinahesabiwa siku alizosimama jukwaani tu! Kwa hesabu hiyo angelipa mpaka mvi zimtoke, na kesi ikafika mahakamani. Ninyi mnaorekodi siku hizi, msicheke sana.

Jukwaani alipanda mwaka 1895, na miaka ya mwanzo sauti ilikuwa inamkatikia juu. Watu husema alizaliwa nayo. Mimi naona aliijenga polepole, kazini, mbele ya watu. Mwaka 1898 Milano ilimjua kwa opera ya Giordano, Fedora, na mwishoni mwa 1900 akaingia La Scala, nyumba kuu ya opera ya mji huo. Mwaka uliofuata akarudi nyumbani kuimba San Carlo, nyumba ya opera ya Napoli, na wajuzi wa Napoli wakampokea kwa ubaridi. Akaapa hataimba tena mji ule. Akirudi, ni kula tambi. Kiapo alikitimiza.

Sasa twende Milano, tarehe 11 Aprili 1902, Grand Hotel, hoteli ileile aliyofia Verdi, mtunzi wa opera, mwaka mmoja nyuma. Chumbani kuna piano, na pembe ya bati imemwelekea mwimbaji mdomoni. Maikrofoni hakuna, umeme hauhusiki. Pumzi yake inaingia kwenye pembe, inatikisa utando mwembamba, utando unasukuma sindano, na sindano inachora mfereji kwenye sahani ya nta inayozunguka. Ukikosea, sahani imeharibika. Ukipandisha noti kubwa bila kurudi nyuma kidogo, sindano inaruka. Fred Gaisberg wa kampuni ya Gramophone alikuwa ameomba ruhusa London kumlipa pauni 100 kwa nyimbo 10. Kwa masimulizi yake mwenyewe, London ikajibu kwa simu ya maandishi: ghali mno, usirekodi. Gaisberg akarekodi. Zote 10 zilimalizika mchana mmoja.

Kwa nini yeye? Pembe ile ilikuwa na ubaguzi. Sauti nyembamba za kinamama ilizifanya filimbi, besi ilizimeza, fidla hazikusikika vizuri. Teno yenye kiza kidogo chini, kama ya Caruso, ndiyo iliyopita salama. Kwa hiyo gramafoni, ambayo wasanii wengi waliiona kama mchezo wa watoto, ikapata mtu wake. Na watu ambao wasingekanyaga nyumba ya opera maishani wakamweka sebuleni.

Kampuni hiyohiyo, kwa nembo ya mbwa anayesikiliza pembe, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Wakati huo maikrofoni ilikuwa imeshaingia. Sijui pembe ya Milano ingemtendea nini bibi yetu!

New York alifika Novemba 1903, na katika Metropolitan, nyumba ya opera ya huko, aliimba zaidi ya mara 850. Ya San Francisco mnayajua: aliimba opera ya Carmen usiku, alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko likamtoa kitandani hotelini. Hakurudi tena mji huo.

Tarehe 11 Desemba 1920, Brooklyn, alianza kutema damu katikati ya onyesho. Leso zikawa zinapokezanwa kutoka pembeni mwa jukwaa, naye anaendelea kuimba mpaka pazia likashushwa. Mkesha wa Krismasi akaimba mara ya mwisho. Usaha ulikuwa umejaa kifuani kando ya pafu. Akapasuliwa mara kadhaa, akapelekwa kwao, na tarehe 2 Agosti 1921 akafia Napoli, ana miaka 48.

Kijana wa mitambo, tuwekee ile ya pili. Hii aliiimba Septemba 1920 huko Camden, New Jersey, kwenye jengo lililokuwa kanisa, siku yake ya mwisho mbele ya pembe. Ni kipande cha misa aliyoitunga Mwitalia mwingine, Rossini. Msihangaike na maneno ya Kilatini. Sikilizeni anapovuta pumzi.