Kubadili kulanti ya kijani kwenda ya pinki: Carina TI, mwanzo mwisho

Mambo vipi wadau, mugonile, karibuni tena gereji, hapa Mafiati, Mbeya. Leo ni kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini. Mmenipigia sana simu: fundi, rejeta yangu ina ya kijani, dukani nimekuta ya pinki, naongezea tu? Usiongezee. Mwaga yote, osha, ndiyo uweke nyingine. Nitakwenda haraka kwenye mambo mepesi, ila kuna sehemu moja nitakaa hapo mpaka mchoke na mimi. Mtaijua tukifika.

Gari yetu ni hii Carina TI, injini ya 5A. Ni ya mwalimu, kazi iko Kyela, familia iko Uyole. Sasa fikiria hiyo safari: unatoka kule chini karibu na ziwa, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, unapanda Tukuyu, unapanda Kiwira, ukifika Isyonje umeshavuka mita 2,000. Mwalimu anasema akifika Kiwira geji ya joto inaanza kunyanyuka. Dogo, lete kamera hapa kwenye mdomo wa rejeta. Karibu zaidi. Mnaona hiyo rangi? Si kijani, si nyekundu, ni chai iliyolala kwenye chupa tangu juzi. Humo kuna kijani ya dukani, kuna nyekundu ya Toyota ya zamani, na kuna maji ya bomba. Kila aliyefungua boneti aliongeza alichokuwa nacho mkononi.

Gari iwe imepoa. Hii imelala hapa usiku kucha. Kama huna uhakika, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiukuta mgumu, una presha, acha mfuniko kama ulivyo, nenda kanywe chai.

Na huu mfuniko msiudharau. Umeandikwa 0.9. Hiyo ni presha unayoishikilia. Sisi hapa Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, hayafiki 100 kama Dar. Mfuniko mzima ukishikilia presha yake, maji hayohayo yanavuka nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Mfuniko ukiwa na mpira uliokatika, kama huu, umeona hapa ulivyopasuka? Basi gari inachemsha mlimani na wewe unamtafuta mchawi. Tunaweka mpya, 0.9 kwa 0.9. Usiniletee mambo ya kuweka 1.1 ili "iwe na nguvu zaidi", utapasua mipira iliyochoka.

Sasa mbona nakataa kuchanganya? Kinachozuia kutu ndani ya kulanti ni dawa, na dawa zinatofautiana. Kijani nyingi za zamani zina silika. Wajapani hawakuitaka silika, walisema inasugua sili ya wota pampu, ile pampu inayozungusha maji kwenye injini, wakaenda na fosfeti. Watu wa Ulaya wao wakaikimbia fosfeti, kwa sababu ikikutana na maji magumu inaganda na kuacha magamba. Ukizitia zote kwenye rejeta moja, zinaanza kuuana zenyewe. Ukiwa na bahati, kinga inakufa mapema. Usipokuwa na bahati, inakuwa uji. Na rangi haikuhakikishii kitu, ni rangi tu, kila kiwanda kinaweka anayotaka. Geuza dumu, soma nyuma. Kwa hizi Toyota zetu nataka pameandikwa haina silika na ni ya magari ya Japani. Ninazo dukani, ndiyo, nauza, sifichi. Lakini hata ukinunua kwa mwingine, soma.

Haya, kazi. Jeki, stendi, kizuizi nyuma ya tairi, mnajua. Beseni chini. Koki ya kumwagia iko chini ya rejeta, ni ya plastiki, ina miaka mingi kuliko huyu dogo. Mkono tu. Weka praizi pembeni. Ikigoma, ipulizie maji ya uvuguvugu, ichezeshe kidogo kidogo, kwa mkono. Imeanza... haya. Fungua na mfuniko wa juu ili ivute hewa.

Angalia inavyotoka. Kahawia. Oringi, ile pete ya mpira ya koki, isije ikaanguka kwenye beseni, mimi naitoa kabisa naiweka mfukoni.

Hiki kimiminika kina sumu, na ni kitamu. Mbwa akilamba, umempoteza. Mtoto vilevile. Kuku wa jirani wanapita hapa, kwa hiyo beseni halikai wazi: linakwenda moja kwa moja kwenye dumu, dumu linaandikwa SUMU, linafungiwa stoo. Usimwage kwenye mfereji, ule mfereji unakwenda kwenye bustani za watu.

Imetoka kama lita tatu. Injini hii inabeba kati ya lita 5 na 6. Maana yake karibu nusu bado iko ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, na kwenye hita. Hapa ndipo watu wanapojidanganya: wanafungua koki, wanafunga, wanajaza pinki, wanasema wamebadilisha. Umebadilisha nusu, kaka.

Kwa hiyo themostati, ile vali inayofunguka ikipata joto ili maji yapite rejeta, inatoka. Fuata mpira wa chini mpaka unapoingia kwenye injini, kuna kifuniko kidogo, nati mbili za namba 10. Ukikuta waya, chomoa soketi kwanza. Nati zile usizivute kwa hasira, bolti zake ni nyembamba. Hii hapa. Imeandikwa 82, ndiyo nyuzi inazofungukia. Na leo niliseme hili wazi: themostati haitolewi ikatupwa. Najua gereji nyingi barabara hii watakwambia itoe gari ipoe. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya ufundi wanakataza, kwa sababu hii themostati ina vali ya pili nyuma, hii hapa, inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengi yanazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari inayochemsha inazidi kuchemsha mlimani, halafu asubuhi ya Juni kule Uyole haipati joto, inakunywa mafuta, na hita inakupulizia baridi. Watu wa Dar hita kwao ni pambo, sisi tunaihitaji.

Rudisha kifuniko bila themostati kwa sasa. Mpira wa bustani kwenye mdomo wa mpira wa juu, maji yasukumwe kinyume na yanakopita kila siku. Presha ndogo. Ndogo! Dogo punguza bomba. Rejeta ya zamani ukiipiga presha inatoa machozi kwenye maungio.

Ngoja, ngoja. Njoo na kamera. Mnaona vipande hivi? Vilaini, ukivisugua kwa vidole vinapakaa. Huo ndio uji niliokuwa nawaambia. Sikupanga kuuonyesha, umejileta wenyewe. Sasa kama vingekuwa na mafuta juu yake, vinateleza kama maziwa ya mgando, hapo ningefunga boneti na kuongea habari za hedi gasketi, ile inayozuia mafuta na maji yasikutane, hakuna kuosha. Hapa hakuna mafuta. Tunaendelea.

Wengine wanatia sabuni ya unga. Jamani! Povu hilo utalitoa lini? Ukitaka dawa ya kuoshea rejeta, nunua ile ya rejeta, fuata maelekezo ya chupa, kisha osha mara nyingi kuliko walivyosema. Kwa hii natumia maji tu, ila kwa subira. Jaza, washa, hita weka moto wa mwisho ili maji yapite na kule ndani, iache ipate joto, zima, ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe.

(Samahani, bajaji hiyo. Watu wa sailensa mbovu, mungu anawaona.)

Tumerudi. Maji sasa ni meupe. Mzunguko wa mwisho usitumie ya bomba, tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri. Na hapa kuwa macho dukani: kuna chupa ya maji ya betri na kuna chupa ya asidi ya betri, zinakaa rafu moja, mara nyingine zimefanana. Soma. Ukitia asidi kwenye rejeta ya alumini, sina cha kukusaidia.

Haya. Tumefika. Themostati inarudi, mpya, na gasketi yake mpya. Sogeza kamera hapa kwenye ukucha wangu. Mnaona kwenye ukingo kuna kitundu, na ndani ya kitundu kuna kipini kidogo kinachochezacheza? Kitikise, kinalia. Hicho ndicho kinachopitisha hewa wakati unajaza. Kipini kikae juu. Hewa inapanda, kwa hiyo mlango wake uwe juu. Kikikaa pembeni au chini, hewa inabaki imefungiwa nyuma ya themostati, wewe unajaza unaona imejaa, kumbe kuna pengo. Kipini juu.

Naweka. Kipini juu. Sasa nashusha kifuniko... simama. Mnaona? Nilipokuwa naingiza nati, imezunguka yenyewe. Gasketi ya mpira inateleza, ukiigusa na kifuniko inageuka robo duara na hutajua. Natoa tena. Nafuta, nakausha, naweka, nashika kwa kidole mpaka kifuniko kimekaa. Kipini... juu. Angalia kwa tochi kabla ya kukaza. Nati zote mbili kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo. Ukimaliza kila kitu na hujui kama kipini kiko juu, fungua uangalie. Usiseme "nadhani".

Koki: oringi yake kutoka mfukoni, koki, kwa mkono. Mkono tu.

Kujaza. Pinki ziko za aina mbili. Ile ya Toyota ya maisha marefu huja imeshachanganywa nusu kwa nusu, haiongezwi maji. Hiyo wenyewe wanasema mara ya kwanza inakwenda kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Lakini sisi tumetoka kuosha, ndani ya bloku kuna maji yamebaki. Ukiweka iliyochanganywa, unaizimua. Ndiyo maana kazi ya kuosha mimi natumia nzito, isiyochanganywa. Nusu ya ujazo, lita mbili na robo tatu, inaingia yote kwanza, kisha namalizia na maji yale safi. Nusu kwa nusu inakukinga mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Kitulo kule mlimani haijawahi kuiona. Usiweke nzito tupu ukidhani ni sifa, inabeba joto vibaya kuliko iliyochanganywa.

Mimina taratibu. Minya mpira wa juu, minya wa chini, viputo vya hewa vinatoka. Pua ya gari imeinuliwa, mdomo wa rejeta ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Washa. Mfuniko bado. Hita moto wa mwisho, feni ya ndani ndogo.

Geji inapanda... iko katikati. Weka mkono kwenye tundu la hita. Baridi. Hm. Geji imepita katikati, hita baridi. Zima! Zima, zima.

Hamna shida, tulieni. Geji inapanda na hita ni ya baridi, maana yake hewa imekaa kwenye hita. Si hedi gasketi, usikimbilie huko. Inapoa kwanza. Tunakata video hapa.

Imepoa. Nimeinua pua zaidi, tofali moja, na nimeminya ile mipira miwili inayoingia kwenye hita. Umesikia? Gluk. Kulanti imeshuka vidole viwili, naongeza. Washa tena. Sasa mkono kwenye tundu... moto. Moto wa kukausha soksi. Mpira wa chini nao umeanza kupata joto, themostati imefunguka. Subiri feni ya rejeta iwake izime, iwake izime, mara mbili. Naongeza mpaka mdomoni, mfuniko mpya, tenki la akiba mpaka kati ya LOW na FULL, basi.

Mwalimu, kesho asubuhi kabla hujawasha angalia tenki la akiba. Itakuwa imeshuka kidogo, ongeza kutoka kwenye hii chupa niliyokuchanganyia, si bombani. Ukifika Kyela angalia tena gari ikipoa. Nimebandika karatasi hapa kwenye fremu ya rejeta: aina ya kulanti, nusu kwa nusu, tarehe ya leo. Fundi yeyote wa njiani akitaka kuongeza, mwonyeshe hiyo kwanza.

Wadau, mkiuliza bei kwenye simu semeni gari na injini, bei inategemea ujazo. Jumapili nafungua baada ya ibada. Na ukinitumia picha ya themostati yako, ipige kwa karibu, nione kipini.