Usiri wa Usuluhishi ni wa Nani?

Ndugu mawakili na wanafunzi wa sheria, asanteni kwa kuja. Nitaanza na mtu ambaye hafiki kabisa mbele ya wasuluhishi, yaani watu wanaoteuliwa kuamua mgogoro nje ya mahakama.

Tuchukue mfano. Kampuni ya hapa Dar es Salaam ina mgogoro na mkandarasi wa kigeni, na mkataba unasema shauri litasikilizwa London. Mawakili wa mkandarasi wanadai nyaraka, na kampuni inamwaga barua pepe za miaka mitano. Humo mna namba za NIDA za vibarua, hati za mishahara, na cheti cha hospitali cha mama wa stoo. Msuluhishi mmoja yuko Paris, mwingine Singapore, wa tatu yuko Upanga. Mama yule hakusaini kifungu chochote cha usuluhishi, wala hajui kwamba ugonjwa wake unasomwa ng'ambo.

Tumezoea kujibu kwamba usuluhishi ni wa siri. Ni kweli, lakini siri hiyo ni ya wadaawa, yaani pande zenye mgogoro. Inawazuia waandishi wa habari. Haimzuii karani, mtaalamu wala mkalimani wa upande wa pili.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali, zisizidi mahitaji, na zisitoke nje ya nchi bila masharti kutimizwa. Msuluhishi wa Paris naye anabanwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa (GDPR), iliyoanza kutumika 2018, ambayo faini yake hufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima ya kampuni, kutegemea ipi kubwa. Kanuni hiyo inaruhusu taarifa kusafirishwa kwa ajili ya madai ya kisheria, ila zile za lazima tu. Hapo ndipo mawakili wengi huteleza: neno "madai" wanalisoma, "lazima" wanaliruka.

Mtaniuliza kuhusu shauri la usuluhishi la Tennant Energy dhidi ya Kanada. Mwaka 2019 baraza la wasuluhishi lilisema shauri lile, lililoletwa chini ya NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini, halikuonekana kuangukia ndani ya kanuni ya Ulaya, kwa kuwa Umoja wa Ulaya na wanachama wake hawakuwa sehemu ya mkataba huo. Naomba msiubebe uamuzi huo kama ngao kwenye mikataba ya kawaida ya biashara. Msingi wake haumo humo.

Kanuni za 2020 za LCIA, yaani Mahakama ya Usuluhishi wa Kimataifa ya London, zinataka suala hili lijadiliwe mapema, nami naliunga mkono kwa nguvu zote. Kwenye kikao cha kwanza cha utaratibu, amueni nani anachuja nyaraka kabla hazijatoka Dar, majina yapi yanafutwa, na nani anamjibu mfanyakazi akiuliza. Cheti cha yule mama kingebaki stoo.

Halafu kuna nyaraka zinazobaki kwenye kompyuta za wasuluhishi baada ya tuzo, yaani uamuzi wao wa mwisho. Tanzania imo tangu 1964 kwenye Mkataba wa New York, unaowezesha tuzo za nje kutekelezwa hapa na zetu kutekelezwa nje; utekelezaji huo unaweza kuchukua muda na nyaraka zikahitajika tena. Basi ukomo wa kuzitunza uandikwe kwenye agizo la kwanza, na kila anayezishika athibitishe kwa maandishi kwamba ameziteketeza.