Kwa Nini Hatujaiuza Bunduki ya Marehemu Baba

Sasa, watu wangu. Leo sirekodi kutoka Birmingham. Niko Nairobi, Jericho, sebuleni kwa mama, na mkisikia makanga anaita abiria huko nje mnivumilie. Nimekaa chini kujibu swali moja tu, kwa sababu limenichosha. Tangu niwaonyeshe lile sanduku la chuma lililo tupu chini ya kitanda cha mama, kila video ninayoweka, hata ile ya kupika muthokoi, lazima mtu aulize: "Dada, bunduki ya mzee si muiuze muachane nayo? Wewe wa Uingereza bunduki ni ya nini?" Wengine wanasema najigamba. Wengine wanasema nalialia, eti nimeenda majuu na bado kazi yangu ni kulalamikia ofisi za huku. Haya. Leo najibu yote, halafu tusirudie tena.

Kuhusu kujigamba nitasema maneno machache. Mimi nalea wazee, zamu ya usiku, saa kumi na mbili kila zamu. Wiki hizi tatu niko hapa bila mshahara. Kama kuna mtu anayeona hapo pa kujigambia, basi.

Bunduki yenyewe ni ya marisau, yaani vile vipira vidogo vya risasi vinavyotawanyika, ya namba 12 (huo ni upana wa mtutu), ile ya mitutu miwili iliyolala bega kwa bega. Kitako ni cha mti wa jozi, na karibu na mshiko kina ufa ambao baba aliufunga kwa waya wa shaba. Mizunguko kumi na mmoja. Najua kwa sababu nikiwa mtoto nilikuwa naihesabu kila Jumapili jioni. Baba anatandika gazeti kuukuu sakafuni, anaikunja bunduki katikati, ananiita nichungulie matundu yote mawili nione mwanga upande wa pili. Nikisema "naona," ndipo anaanza kupangusa. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la mafuta ya cherehani. Mpaka leo, nikipita karibu na fundi nguo, ile harufu inanisimamisha. Risasi hazikuwamo nyumbani, hata moja. Maisha yangu yote sijawahi kuisikia ile bunduki ikilia.

Sasa mseme, kama haikulia, ya nini?

Baba alikuwa mbeba bunduki. Vijana wengi hamjui kazi hiyo. Zamani safari za uwindaji zilianzia hapa Nairobi. Mgeni anashuka kutoka Ulaya au Marekani, anakodi mwindaji wa kizungu, na nyuma ya mwindaji kuna watu: mpishi, wachuna ngozi, wafuata nyayo, na mbeba bunduki. Huyu wa mwisho ndiye anayesimama kiwiko kwa kiwiko na mwindaji nyati akija mbio, ameshika bunduki ya pili tayari kumpa. Baba alianza 1959 akiwa na miaka 19. Hii ya marisau ilikuwa ya kitoweo cha kambi, kanga na kwale. Alisema ndiyo aliyoipenda kuliko zote kwa sababu ililisha watu.

Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Siwezi kusema vibaya kuhusu hilo, ndovu walikuwa wanakwisha, na baba mwenyewe hakuwahi kulilaumu. Lakini mwajiri wake akafunga kambi, akauza magari, akahama nchi. Miaka 18 ya kazi. Hakuna kiinua mgongo, hakuna hata barua ya shukrani. Alimwambia baba achague: mshahara wa mwezi mmoja au ile bunduki. Baba akachagua bunduki, wakaenda pamoja wakaihamisha kisheria, leseni ikatoka kwa jina la baba. Mama alikasirika. Tulikuwa watoto wanne na karo haisubiri. Baba alimwambia, "Pesa zitakwisha Ijumaa."

Ngoja niwaonyeshe hii picha hapa ukutani. Mnaiona? Yule mzungu katikati, mgeni wake kushoto, ndovu nyuma yao, na huyu kijana pembeni aliyeshika bunduki ya pili ndiye baba. Nyuma ya picha kuna maandishi ya wino: jina la mwindaji, jina la mgeni, Voi, 1966, na uzito wa pembe zote mbili kwa ratili. Pembe zimeandikwa uzito wake. Baba hakuandikwa.

Juzi nilishuka mjini, nikapita Kenyatta Avenue pale kwenye sanamu za shaba, zile tatu zilizosimamishwa 1928 kwa ajili ya askari na wachukuzi wa Vita vya Kwanza. Nimepita hapo tangu nikiwa msichana, lakini safari hii nilisimama nikasoma. Maandishi yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nikazunguka nikitafuta majina. Hakuna hata moja. Na wale wachukuzi waliokufa kwa maelfu, kumbukumbu yao kubwa hapa mjini ni soko la Kariokor, jina lililotokana na kikosi chao, Carrier Corps, na sisi tunaenda pale kula nyama na kununua vyondo bila kuwaza. Samahanini, najua natoka nje ya mada. Lakini si nje sana. Karatasi ya kwanza ya serikali iliyomtaja baba pamoja na kazi aliyoifanya ilikuwa leseni ya ile bunduki, na kila mwaka aliihuisha. Mwisho wa 2018, wenye leseni wote walipoitwa kuhakikiwa upya, Mzee alikuwa na miaka 78. Alivaa suti ya kanisani. Aliporudi alituambia kwamba waliomhoji walimwuliza anaihitaji ya nini umri huo, naye akawajibu, "Ni kiinua mgongo changu." Wakampitisha.

Baba alifariki 2023. Sasa tufike kwenye karatasi, na hapa mnisikilize vizuri hata kama mengine hamkuyapenda. Leseni ya bunduki ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Mwenyewe akifa, ninyi mliobaki hamna ruhusa ya kukaa nayo. Tulipotoka mazishini Machakos, kaka yangu alipiga simu kituoni siku iyo hiyo, polisi wakaja wakaichukua, ikaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, tukapewa risiti yenye namba ya bunduki. Ile risiti mama ameiweka ndani ya Biblia. Tafadhali, kama mzazi wako ana leseni, mwulize leo karatasi zake ziko wapi, na uipige picha ile namba iliyochongwa kwenye chuma.

Halafu ikaanza mirathi. Barua ya chifu, cheti cha kifo, hati za kiapo, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kusubiri mwenye pingamizi. Hayo mnayajua, kila nyumba imepitia. Ambayo hamyajui ni yangu. Wakili wa kwanza alipokea shilingi 40,000 kisha simu yake ikawa haipatikani. Wa pili alikuwa mtu mwema, lakini katika ofisi moja, sitaitaja na msiniulize, kaka yangu aliambiwa mara nne kwamba faili haionekani. Mara nne, na kila mara anaomba ruhusa kazini. Nilipofika mwezi huu nikaenda mwenyewe. Nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Mwishowe msichana mmoja mdogo akaniambia kwa upole, "Mama, hebu andika jina kwa mkono wako." Nikaandika. Kumbe walichapa jina la baba herufi moja ikakosewa, na faili ikakaa kwenye droo kwa jina la mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani. Nililia pale pale koridoni, sikuona aibu. Yule msichana akaniletea maji. Kusahihisha herufi moja ni hati nyingine ya kiapo na ada nyingine.

Nikijumlisha mpaka leo, zimetoka zaidi ya shilingi 300,000, na nauli ya ndege sijahesabu. Mtu anayezijua bei ameniambia bunduki yenyewe sokoni haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo wanaosema ni hasara, kwa hesabu ya duka mko sahihi.

"Basi ibebe uende nayo." Nilifikiria hilo. Na kuna jambo lililonigusa sana. Kaka alikuwa amepiga picha za chini ya mitutu baba akiwa hai. Nikiwa Birmingham usiku mmoja nazikuza kwenye simu, nikaona chapa ndogo ya taji juu ya herufi NP. Hiyo ni chapa ya nyumba ya kupimia mitutu ya huko huko Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge 1813 na mpaka leo iko Banbury Street. Chapa ya mtindo ule ilitumika kati ya 1904 na 1954, maana yake mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Basi langu la kwenda kazini linapita karibu na hapo! Miaka kumi na mmoja nimelala kwenye mji ulioizaa bunduki ya baba na sikujua. Najua pia kwamba mji huo ulitengeneza bunduki zilizouzwa Afrika Magharibi enzi za biashara ya watumwa. Nalijua, na nikipita pale yote mawili huwa yananijia.

Lakini sheria ya Uingereza nayo ina milango yake. Sheria yao ya silaha ya 1968 inaruhusu bunduki ya kale kukaa nyumbani kama pambo. Tangu kanuni za 2021, iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1939, na iwe ya aina ambayo risasi zake zimeshapitwa na wakati. Hata tukisema yetu ni ya kabla ya 1939, ni ya namba 12, na risasi za namba 12 zinauzwa mpaka leo. Kwa hiyo inahesabiwa sawa na ya mkulima yeyote: cheti cha polisi, ambacho ada yake 2025 ilipanda kutoka pauni 79.50 hadi 194, taarifa kutoka kwa daktari wangu, sefu nyumbani, na bado kibali cha kuiingiza nchini. Nami napanga chumba kimoja. Nikaacha. Na nikiri, mama aliposikia inaweza kupelekwa alikotoka yule mzungu aliyemwajiri baba, alinyamaza siku mbili.

Kuna mama mmoja aliniandikia faragha. Mwanawe alipigwa risasi huku Eastlands. Aliniuliza nawezaje kusema neno upendo na neno bunduki kwa pumzi moja. Sikuwa na jibu la haraka, na nilikaa na ule ujumbe wiki nzima. Mama, kama unanitazama, nyumba yetu haitakuwa na risasi, kama ilivyokuwa enzi za baba. Kaka ameomba leseni mpya ili turudishiwe bunduki; akikataliwa, tutakubali, hatutahonga wala kuficha. Hilo tumekubaliana sote wanne.

Kaka ndiye mwombaji. Sheria ya silaha ya hapa, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu nzuri. Watu walimshauri aandike kwamba nyani wanamaliza mahindi yetu kule Kibwezi. Akakataa. Ameandika ukweli: ni kiinua mgongo cha baba. Yeye ni mwalimu, hana doa. Lakini jamani, hii ni hali yetu sisi. Usije ukaniambia "dada alisema." Familia yako ni yako, wakili wako ni wako, na kama moyo wako unakwambia uisalimishe iharibiwe, fanya hivyo bila kuona haya. Novemba 2016 pale Ngong zilichomwa bunduki 5,250, nami nilishangilia, maana zile zilikuwa haramu.

Wiki iliyopita tuliruhusiwa kuiona kituoni, kuthibitisha namba. Tulikwenda na mama, ana miaka 79. Askari aliileta, akaikunja, akatuonyesha ni tupu, kama alivyokuwa akifanya baba. Mama hakuigusa mitutu. Aliweka kidole kwenye ule waya wa shaba. Kisha mimi nikaona chini ya mtutu wa kushoto, karibu na ile chapa ya taji, doa la kutu la ukubwa wa punje ya mtama. Miaka miwili bila kupanguswa. Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani mkobani, nilikinunua Gikomba nikitumaini. Askari akasema kwa heshima kabisa kwamba hawezi kuruhusu, iko chini ya ulinzi wa polisi. Nikamwelewa.

Kaka ana mahojiano Jumanne, mimi narudi Birmingham Alhamisi. Kichupa namwachia yeye. Mama kila asubuhi akinipa chai ananiuliza ile punje itakuwa imefikia ukubwa gani sasa.