Pumzi Huanza Kukata Kichwani

ZAWADI: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Kocha, shikamoo.

KOCHA: Marahaba, mdogo wangu. Habari za tangu juzi?

ZAWADI: Njema. Ila nina jambo limenikaa tangu nilipopita mazoezini kwenu. Kuna kijana alishuka ulingoni baada ya raundi mbili tu. Mlipomfungua bandeji, vidole havinyooki. Ikabidi avinyooshe kimoja kimoja kwa mkono mwingine. Na yule anakimbia kila alfajiri, namwona barabarani.

KOCHA: Yule pumzi anayo, tatizo anaimwaga. Alikunja ngumi tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, hata pale ambapo harushi. Mabega juu, meno yameumana, pumzi kaibana kifuani. Namwelewa sana, maana pambano langu la kwanza lilikuwa hivyohivyo. Raundi ya pili mkono nauona unakwenda, lakini haufiki. Nikasema sijakimbia vya kutosha, nikaongeza kilomita. Pambano la pili, mambo yaleyale.

ZAWADI: Kilomita ulikuwa nazo. Hebu niwaeleze wasikilizaji kinachotokea mwilini, maana ndiyo kazi yangu hii. Msuli una akiba ndogo ya nguvu za haraka, kama sekunde kumi hivi za kurusha kila ulichonacho. Ikiisha, mwili unachoma sukari bila oksijeni ya kutosha, ndipo mikono inawaka moto. Ile dakika moja unayokaa kwenye kona, moyo na mapafu ndiyo vinavyokujazia tena akiba yako. Mbio za alfajiri zinasaidia hapo.

KOCHA: Sasa hofu inaingilia wapi?

ZAWADI: Pote! Adrenalini, ile homoni ya hofu, ikipanda kupita kiasi, moyo unakwenda mbio kabla hujarusha hata ngumi moja. Halafu misuli inavutana: wa kunyoosha mkono unasukuma, wa kuukunja nao umekaza. Ni kama kuendesha gari huku umevuta hendibreki. Mafuta yanaisha na hujafika popote.

KOCHA: Hapo ndipo ninapotaka twende Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman wanagombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walitazame kwao ikiwa bado usiku. Foreman ana miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, 37 kamaliza kwa nokauti. Ali ana 32. Joe Frazier na Ken Norton, wote wawili walishawahi kumshinda Ali, na wote wawili Foreman aliwamaliza ndani ya raundi mbili. Watu walikuwa wanamhofia Ali kwa dhati, wakidhani ataumizwa vibaya.

ZAWADI: Na wengi wanasema Ali alishinda kwa ujanja wa kuegemea kamba.

KOCHA: Ujanja ulikuwepo. Ila mimi nina hesabu yangu, na huwa nawaandikia vijana ubaoni. Tangu Januari 1973, Foreman alipochukua mkanda kwa Frazier kule Jamaica, mpaka anapanda ulingoni Kinshasa, alipigana mara tatu. Frazier raundi mbili, Roman kule Tokyo moja, Norton kule Caracas mbili. Jumla raundi tano.

ZAWADI: Tano tu?

KOCHA: Tano. Hazifiki hata dakika kumi na tano. Sasa chukua Ali, mwaka 1973 mpaka hapo. Bugner raundi 12. Norton 12, na humo alivunjwa taya akamaliza zote. Norton tena 12. Lubbers kule Jakarta 12. Frazier 12. Jumla sitini! Sitini kwa tano, mdogo wangu. Mmoja alishakaa kwenye maumivu mpaka akayazoea, mwingine alikuwa hajaonja raundi ya tatu kwa zaidi ya miaka miwili.

ZAWADI: Hesabu hiyo sijawahi kuisikia. Na ongeza hali ya hewa. Kinshasa ina unyevunyevu, jasho linachuruzika tu bila kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Damu inagawanywa, nyingine inakimbilia kwenye ngozi kupoza joto, nyingine inadaiwa na misuli. Anayerusha ngumi nyingi nzito ndiye anayelipa zaidi.

KOCHA: Na Ali akamwacha alipe. Raundi ya kwanza alimpiga mikono ya kulia ya moja kwa moja bila kutanguliza wa kushoto, kitu ambacho bondia mzoefu ni nadra kuthubutu, maana unajiacha wazi. Foreman hakuanguka. Raundi ya pili Ali akaenda kwenye kamba, akaegemea nyuma, mikono usoni, viwiko mbavuni. Kamba zilikuwa zimelegea, zikawa zinabeba sehemu ya kishindo. Tazama mabega yake kwenye ile filamu. Yamelegea! Anapigwa na mtu mwenye ngumi nzito kuliko wote duniani, na mabega yamelegea.

ZAWADI: Huku anaongea.

KOCHA: Anaongea, na uwanja mzima unaimba kwa Kilingala, "Ali, boma ye," yaani Ali, muue. Foreman mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimpiga Ali ngumi kali ya mwilini, na Ali akamuuliza sikioni kama hizo ndizo zake zote. Foreman akajua kichwani mwake kwamba ndizo zote. Raundi ya nane akaanguka.

ZAWADI: Kuongea nako ni kutoa pumzi. Ukitoa pumzi polepole, moyo unashuka kidogo. Anayebana pumzi hawezi kuongea.

KOCHA: Lakini Foreman nampenda kwa yaliyofuata. Novemba 1994, miaka ishirini baadaye, ana miaka 45, kavaa bukta ileile ya Kinshasa. Michael Moorer, bingwa wa wakati huo, ana 26 na anaongoza kwa pointi. Foreman hana haraka. Kati ya raundi hakai hata kwenye kiti, anasimama kwenye kona, anapumua. Raundi ya kumi, mkono wa kulia mfupi, Moorer chini. Mwili ulikuwa umezeeka na umekuwa mzito, lakini pumzi ilifika mbali kuliko alipokuwa na 25.

ZAWADI: Na yule kijana wa vidole, umemfanyaje?

KOCHA: Nimemkatazia kuongeza mbio. Wiki nzima anapiga pedi akiwa amelegeza kiganja ndani ya glavu, anakikunja pale tu ngumi inapokaribia kutua. Na kila ngumi anatoa pumzi niisikie. Nisipoisikia, tunaanza raundi upya. Jana alifika raundi ya nne.

ZAWADI: Na vidole?

KOCHA: Alifungua bandeji mwenyewe.